Qalqilya: mji mdogo wa wakulima kule Palestina, kutoka machungwa mpaka mapera (uzi mrefu)

Mzee wa Bustani:

Wakuu habari za muda huu. Palestina tukiisikia kwenye taarifa ya habari ni Gaza, ni Jerusalem, mara Jenin mara Hebron, na kinachosemwa ni risasi na mazishi tu. Leo nawaletea mji ambao hautajwi sana, Qalqilya, mji wa wakulima. Mimi kazi yangu ni miche na umwagiliaji, na nimeufuatilia huu mji kwa muda mrefu kwa sababu naamini ule mgogoro wa ardhi hauwezi kukuingia kichwani vizuri mpaka uuangalie kwa jicho la mkulima, yani shamba lipo wapi, maji yanatoka wapi, na njia ya kufikisha mzigo sokoni ipo mikononi mwa nani. Hilo la tatu ndo nitalirudia sana humu. Ardhi nzuri Qalqilya ilikuwa nayo, maji yapo chini ya miguu yao, wakulima wazuri wapo mpaka leo, kinachowamaliza kila kizazi ni njia.

Kwanza mjue ulipo. Uko kaskazini magharibi mwa Ukingo wa Magharibi (ile sehemu ya Palestina iliyo magharibi mwa mto Yordani), pale milima inapoishia na tambarare ya pwani inapoanza. Mpaka bahari ya Mediterania ni kama kilomita 15 hivi, sawa na Kivukoni mpaka Kimara. Mashariki yake ndo njia ya Nablus, kaskazini Tulkarm, magharibi ukivuka tu uko Kfar Saba, mji wa Israel. Udongo ni mzito wenye rutuba, na mvua inayonyesha kule milimani inazama kwenye mawe ya chokaa inateremka chini kwa chini kuelekea pwani, kwahiyo Qalqilya wamekaa juu kabisa ya maji. Ukichimba kisima pale unayapata bila kwenda kina cha kutisha kama kule mlimani.

Enzi za Waturuki kilikuwa kijiji kikubwa cha ngano, zeituni na matikiti. 1909 kikapata baraza la manispaa. Wakati wa vita kuu ya kwanza reli ikapita pale, na Waingereza walipochukua nchi wakaiendeleza, Qalqilya ikawa na stesheni yake. Angalia watu walivyoongezeka: sensa ya 1922 walikuwa 2,803, ya 1931 wakafika 3,867, na takwimu za 1945 zinasema 5,850. Yani ndani ya miaka 23 wamekuwa mara mbili na zaidi, na kilichowaongeza ni mchungwa.

Machungwa ya Jaffa mnayasikia jina. Aina yenyewe inaitwa shamouti, ganda nene, mbegu hakuna au chache sana, na lile ganda ndo lilikuwa mtaji kwa sababu lilivumilia safari ya wiki kadhaa baharini mpaka Liverpool. Kwenye mashamba ya tambarare ile watu walichimba visima wakafunga mashine za mafuta za kuvuta maji, wakajenga mifereji ya mawe na saruji, wakapanda. Tunda likikomaa linakatwa kwa mkasi sio kunyofolewa, maana ukinyofoa unaacha kidonda na kidonda kimoja kinaozesha sanduku zima, halafu kila chungwa linafungwa kwenye karatasi laini peke yake linapangwa kwenye sanduku la mbao. Bandari ya Jaffa haikuwa na kina, meli zilikuwa zinasimama nje, mzigo unapelekwa na matishari ya kupiga makasia. Msimu wa 1938-39 Palestina nzima ilisafirisha zaidi ya masanduku milioni 15, na sehemu kubwa ya pesa ya kigeni ya nchi ile ilikuwa hiyo, machungwa. Ardhi ya Qalqilya peke yake ilikuwa kama dunamu elfu 28, dunamu moja ni mita za mraba 1,000, kwahiyo weka kama ekari elfu 7 hivi.

Naendelea chini, msinikatishe bado.

Mzee wa Bustani:

1948 vita vikaanza. Kijiji jirani cha Waarabu, Kafr Saba (msichanganye na Kfar Saba mji wa Israel), kilitekwa na Waisraeli mwezi wa tano, watu wake wakakimbilia Qalqilya, na wa vijiji vingine vya tambarare vivyo hivyo. Mji wenyewe haukutekwa. Sasa hapa ndo mtulie, maana watu wengi wanapapita haraka.

Tarehe 3 Aprili 1949 Israel na Jordan wakasaini makubaliano ya kusitisha vita kule Rhodes. Mstari ukachorwa kwenye ramani, ule unaoitwa mstari wa kijani, na kwa Qalqilya ukapita ukingoni mwa nyumba. Nyumba zikabaki upande wa Jordan, bustani nyingi za machungwa na ardhi bora ya magharibi ikaenda Israel, na reli nayo ikaenda. Mtu anakaa barazani kwake anauona mchungwa alioupanda baba yake, unazaa, anavuna mwingine, na akivuka usiku kwenda kuchuma anaweza kupigwa risasi, na wapo wengi waliopigwa.

Halafu kuna jambo lingine linalouma zaidi. UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, lilipoanza kazi 1950, mkimbizi kwao alikuwa ni mtu aliyepoteza makazi na njia ya kujipatia riziki, vyote viwili. Mtu wa Qalqilya nyumba anayo. Alichopoteza ni shamba. Kwahiyo hesabu zao zikamweka pembeni, sio mkimbizi, mgao wa chakula haumhusu, wakati yule wa Kafr Saba aliyehamia jirani yake anapewa. Sisemi yule asingepewa, alistahili, nasema mkulima aliyenyang'anywa shamba lote akabakishiwa kuta nne naye ni nani sasa? Vijiji vya mpakani vyote viliishi hali hiyo.

Walichofanya watu wale ndo kilichonifanya niupende huu mji. Wakageukia mashariki, kwenye ardhi iliyobaki, ile ya mawe waliyokuwa wanaiachia mbuzi na zeituni, wakang'oa mawe, wakachimba visima upya, wakapanda michungwa upya. Pesa zilitoka wapi? Nyingi zilitoka Kuwait. Vijana waliondoka kwenda kufanya kazi Ghuba, walimu, mafundi, makarani, wakatuma nyumbani. Mchungwa unahitaji miaka kama mitano ndo uanze kulipa, kwahiyo ile miaka ya 50 ilikuwa ni ya kumwagilia na kungoja. Na hapo hapo usiku wa tarehe 10 Oktoba 1956 jeshi la Israel likavamia kituo cha polisi cha Qalqilya, kulipiza mauaji ya wafanyakazi wawili wa shamba upande wao, wakafa askari 18 wa Israel na upande wa pili watu wasiopungua 70. Mashamba yakaendelea. Mpaka inafika miaka ya 60 mji ulikuwa umeshasimama tena kwa machungwa yake.

Muheza Machungwani:

Mkuu hapo kwenye machungwa umenigusa. Swali la kitaalamu, walikuwa wanapanda mbegu au miche ya kubebesha? Maana huku bado kuna wazee wanabishana mchungwa wa mbegu unaishi zaidi.

Mzee wa Bustani:

Kubebesha kaka. Shina la chini walitumia mdanzi kwenye udongo mzito, kwenye udongo wa kichanga walitumia zaidi ndimu tamu. Kikonyo cha shamouti, yani kile kitawi cha kubebeshwa, kinawekwa juu. Mdanzi unavumilia udongo unaotuamisha maji na ule ugonjwa wa kuoza shina, ndimu tamu inawahi kuzaa ila haiishi miaka mingi. Na ndo maana Qalqilya mpaka leo ni mji wa vitalu. Watu wanatoka sehemu mbalimbali za Ukingo wa Magharibi kununua miche pale, ya matunda, ya mboga, mpaka maua. Ule ujuzi wa kubebesha haukwenda na ardhi, ulibaki mikononi.

Kaka Sefu:

Nimesimama nasoma kwenye mwendokasi nimepitiliza kituo. Endelea mkuu.

Mzee wa Bustani:

Tuendelee. Juni 1967. Vita vya siku sita, Israel ikauteka Ukingo wa Magharibi kutoka kwa Jordan, mji ukapigwa mizinga, watu wakafukuzwa kwenda mashariki, wengine wakafika Nablus, wengine wakalala chini ya mizeituni. Wakati hawapo nyumba zikaanza kubomolewa, sio kwa vita, vita vilikuwa vimeisha. Baadaye kukawa na shinikizo wakaruhusiwa kurudi. Mjumbe wa Umoja wa Mataifa Nils-Göran Gussing alipita kule mwaka uleule, kwenye ripoti yake ameandika kwamba katika nyumba kama 2,000 za mji, 850 hivi zilikuwa zimebomolewa. Waliorudi wakajenga.

Baada ya hapo uchumi ukabadilika sura kabisa. Mstari wa kijani ulikuwa hauna ukuta, kuvuka kulikuwa rahisi, kwahiyo wanaume wakaanza kwenda kufanya kazi Israel, kwenye ujenzi na kwenye mashamba. Fikiria mtu anavuka asubuhi kwenda kuchuma machungwa kwa mshahara, na pengine shamba lenyewe ni la babu yake. Na Waisraeli nao wakawa wanakuja Qalqilya, Jumamosi mji ulikuwa unajaa, wanatengenezesha magari gereji, wananunua fanicha, mboga, miche, wanang'oa meno maana daktari wa meno pale bei ilikuwa nafuu. Waarabu wenye uraia wa Israel ndo usiseme, walikuwa wanakuja familia nzima. Kwa miaka ile mtu wa Qalqilya alikuwa na pesa mfukoni kuliko wa miji mingi ya Ukingo wa Magharibi, tuseme ukweli.

Ila angalia upande wa maji. Novemba 1967 ikatoka amri ya kijeshi namba 158, hakuna kisima wala pampu mpya bila kibali cha jeshi, na vibali vya visima vipya vya kilimo kwenye mwamba wa magharibi, yani ule mwamba wa chini unaoshika maji ya Qalqilya, havikuwa vinatoka. Vya zamani vikafungwa mita, kila kisima na mgao wake. Sasa mkulima watoto wanaongezeka, shamba anataka kupanua, maji ni yaleyale ya mwaka ule. Makubaliano ya Oslo ya pili 1995, kati ya Israel na uongozi wa Wapalestina, yakaiandika hali hiyo kwa takwimu, kwenye mwamba wa magharibi Wapalestina mita za ujazo milioni 22 kwa mwaka, Israel milioni 340. Chukua kalkuleta ugawanye mwenyewe.

Mchungwa ukaanza kufa taratibu. Maji ya mgao, vibarua wote wamevuka kufuata mshahara mkubwa, na soko la nje linashindana na machungwa ya Israel yenye serikali nyuma yake. Kisha 1990-91 vita vya Ghuba, Wapalestina zaidi ya laki tatu wakaondoka Kuwait, ule mrija wa pesa nao ukakatika. Desemba 1995 mji ukakabidhiwa kwa Mamlaka ya Palestina, bendera ikapandishwa, lakini mashamba ya nje ya mji mengi yalibaki chini ya jeshi.

Mama Twaha:

Samahani kaka, hayo mapera uliyoyataja kwenye kichwa cha uzi yameingiaje? Pera si linaota lenyewe hata pembeni ya choo? Nani analima mapera kibiashara jamani.

Mzee wa Bustani:

Dada swali zuri sana, na ndo moyo wa uzi wenyewe.

Pera la Qalqilya ni bidhaa inayojulikana Ukingo wa Magharibi wote na Jordan. Wanamwagilia, wanapogoa, wanauza kwa katoni. Kwanini pera? Linawahi, mwaka wa pili wa tatu mti umeshaanza kulipa, halihitaji ujenge kiwanda, na kwenye maji ya mgao linatoa pesa nzuri kwa kila tone kuliko mchungwa uliochoka. Msimu unaanza kama mwezi wa nane, unanoga wa tisa na wa kumi, unamalizikia wa kumi na moja kuelekea baridi. Harufu yake ikianza unajua msimu umeingia, watu wanapanga katoni barabarani, mzigo mwingine unapita daraja la Allenby kwenda Amman.

Lakini pera lina tabia moja mbaya kwa mtu ambaye njia si yake. Haliivi kwa pamoja. Mti mmoja leo una matunda kumi yaliyogeuka rangi, kesho mengine ishirini, lazima upite kila siku au kila baada ya siku moja. Unalichuma likiwa limeanza tu kutoka kijani kuelekea manjano, na kikonyo chake na jani moja ili mnunuzi aone ni la leo. Ukichelewa siku mbili linalainika, likiguswa linabonyea, inzi wa matunda anataga, linaanguka, na yaliyoanguka yanawaita inzi waje kumaliza yaliyobaki juu. Zeituni inaweza kukungoja wiki. Pera halikungoji.

Sasa shika hilo halafu nije kwenye ukuta.

Mzee wa Bustani:

Intifada ya pili, yani uasi wa Wapalestina dhidi ya utawala wa Israel, ilianza Septemba 2000. Ujenzi wa ukuta ukaanza 2002, na kufikia katikati ya 2003 Qalqilya ilikuwa imezungukwa. Upande wa magharibi ni zege la mita 8 kwenda juu, nyuma yake inapita ile barabara kuu namba 6 ya Israel, magari yanakimbia pale na dereva haoni mji. Pande nyingine ni uzio wa umeme wa kutambua mtu, mitaro, na njia ya doria. Ukabaki mlango mmoja wa mashariki wenye askari. Kijiji cha Habla kipo kusini hapo hapo, mtu alikuwa anakwenda kwa miguu kumsalimia shangazi yake, ikabidi azunguke mbali, mpaka baadaye likachimbwa handaki chini ya barabara inayokwenda Alfei Menashe, makazi ya walowezi, yani Waisraeli waliohamia kwenye ardhi iliyotekwa 1967. Ukiitazama ramani utaona uzio haufuati mstari wa kijani, unaingia ndani kuyakumbatia makazi ya Alfei Menashe kusini na Zufin kaskazini, na kilichoachwa katikati ya uzio na mstari ni mashamba na visima.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake tarehe 9 Julai 2004, kura 14 kwa 1, kwamba ujenzi wa ukuta ndani ya ardhi ya Wapalestina inayokaliwa kimabavu ni kinyume cha sheria. Qalqilya imetajwa mle kwa jina. Imeandikwa kwamba kwa taarifa zilizofika Umoja wa Mataifa maduka na biashara kama 600 zilifungwa, na watu kati ya 6,000 na 8,000 walishaondoka eneo lile. Kwenye mji uliokuwa na watu kama elfu 40, hebu fikiria mtaa wako watu wangapi hao.

Kiongozi Mstaafu:

Mkuu uzi mzuri ila tuwe wakweli, ule ukuta haukujengwa kwa kuchukia mapera. Walikuwa wanalipuliwa kwenye mabasi na migahawa. Serikali gani ingekaa kimya?

Mzee wa Bustani:

Mkuu sikupingi kwenye hilo la mabomu. Juni 2001 kule Tel Aviv disko la Dolphinarium lililipuliwa wakafa watu 21, vijana watupu, na aliyejilipua alikuwa anaishi Qalqilya. Familia zile zina haki ya kulia mpaka leo na serikali yao ilikuwa na wajibu wa kuwalinda. Ila nchi ikitaka ukuta inaujenga kwenye mpaka wake. Mahakama haikuuliza kama Israel ina haki ya kulinda watu wake, iliangalia ukuta umepita wapi, na ulipopita ni ndani ya ardhi ya watu wengine, ukizunguka makazi ambayo mahakama hiyohiyo imesema yalijengwa kinyume cha sheria. Mkulima wa pera mwenye miaka 60 kibali chake cha kuingia shambani kwake kinaisha muda, mlowezi wa Zufin anapita muda wowote. Hapo usalama unaufafanuaje?

Kiongozi Mstaafu:

Hapo kwenye njia ilipopita nakuelewa. Endelea na huo mfumo wa vibali, unafanyaje kazi?

Mzee wa Bustani:

Kuanzia Oktoba 2003 lile eneo la katikati ya uzio na mstari wa kijani lilitangazwa ni eneo lililofungwa. Ili uingie kwenye shamba lako lazima uwe na kibali, kina jina lako, sababu yako, na geti lako, geti la mwenzio huruhusiwi. Unapeleka hati za ardhi na za mirathi. Sasa mirathi mnajua zilivyo, babu alikuwa na dunamu kumi, amezaa watoto wanane, hao nao wamezaa, kwenye karatasi kila mmoja ana kipande kidogo. Kanuni za 2017 zikaja na kitu kinaitwa shamba dogo, ukipigiwa hesabu ya hisa yako ikawa chini ya mita za mraba 330, wanasema kipande hicho hakihitaji kulimwa, kibali cha mkulima hupewi. Kwa wenye zeituni ikafika mahali wanakadiriwa kuingia mara 40 kwa mwaka, ofisi imeamua mzeituni unahitaji siku 40. Mtu aliyepalilia mizeituni tangu utotoni anaambiwa na karani siku za kupalilia.

Mageti yenyewe mengi mpaka 2023 yalikuwa yanafunguliwa muda mfupi, asubuhi, mchana na jioni, mengine hayafunguliwi kila siku, na kuna yanayofunguliwa msimu wa zeituni tu. Mkulima anafika na trekta au mkokoteni wa punda, anangoja askari, anakaguliwa, anaingia, geti linafungwa nyuma yake, akipata dharura ndani anangoja saa ya geti. Akiwa na vibarua nao kila mmoja awe na kibali chake. Pampu ikiharibika kisimani fundi hawezi kuja hivi hivi. Rudi kwenye pera sasa, tunda linalotaka kuchumwa kila siku. Geti likifungwa siku tatu kwa sababu ya sikukuu ya Kiyahudi, na mwezi wa tisa na wa kumi ndo mwezi wa sikukuu zao kubwa na ndo mwezi wa mapera, zao la siku tatu limekwenda. Ndo maana wengine walihamishia pera ndani ya uzio, wakaacha nje vitu vinavyoweza kungoja kama zeituni, na siku hizi parachichi linapandwa kwa kasi, lenyewe lina heshima, tunda linakaa mtini wiki kadhaa bila kuharibika. Watu wanachagua zao kwa kuangalia saa za geti. Udongo unashika nafasi ya pili.

Kaka Sefu:

Nilisoma mahali kuwa kuna bustani ya wanyama hapo Qalqilya ina twiga, ni kweli au stori za mtandaoni?

Mzee wa Bustani:

Kweli kabisa. Ilifunguliwa 1986, ndo bustani ya wanyama ya Ukingo wa Magharibi, na ilikuwa sehemu ya uchumi wa mji, watoto wa shule wanaletwa kwa mabasi, familia za Waarabu wa Israel zinakuja wikiendi, wanakula, wananunua. Twiga dume alikuwa anaitwa Brownie. Wakati wa Intifada ya pili milio ya risasi karibu na bustani ilimtia kiwewe akakimbia akajigonga akaanguka, na twiga akianguka vibaya haamki. Jike lake lilikuwa na mimba ikatoka. Daktari wa wanyama wa pale alimkausha Brownie ngozi akamsimamisha kwenye jumba la makumbusho la hapohapo, pamoja na wanyama wengine waliokufa miaka ile. Sisi tuliokua na twiga kwenye noti na mabango tunajua mnyama yule alivyo mpole, mimi habari hiyo ilinikaa.

Na kitu kingine cha pale, hospitali. UNRWA kote inakofanya kazi ina vituo vya afya, lakini hospitali inayoiendesha yenyewe ni moja tu, iko Qalqilya, tangu 1950.

Mama Twaha:

Na sasa hivi hali ikoje, hasa baada ya 2023?

Mzee wa Bustani:

Baada ya shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023 Israel ilisitisha vibali vya wafanyakazi wa Kipalestina, zaidi ya laki moja, na Qalqilya ni mlango wao mkubwa mmojawapo, kile kivuko cha Eyal kaskazini mwa mji ndo watu walikuwa wanapanga foleni saa tisa saa kumi usiku kwenda kazini. Siku moja tu mishahara ikasimama. Na mageti mengi ya mashamba yakafungwa hapohapo, ilikuwa ni katikati ya msimu wa mapera na zeituni inaanza. Waliokuwa na shamba ndani ya uzio wakarudi shambani, na wasio na shamba wakaomba vibarua kwa wenye nalo, kwahiyo bei ya kibarua ikashuka na mapera sokoni yakawa na wauzaji wengi kuliko wanunuzi, maana mnunuzi naye ni yuleyule aliyepoteza kazi.

Muheza Machungwani:

Swali la mwisho mkuu. Kama ndani ya uzio ndo kuna nafuu, kwanini wasipanue mashamba ndani?

Mzee wa Bustani:

Kwa sababu ndani hamna pa kupanua kaka. Sensa ya 2017 mji ulikuwa na watu zaidi ya elfu 50 ndani ya uzio uleule wa 2003. Kijana akioa anataka chumba, na baba akishajenga ghorofa mpaka ikatosha kinachofuata ni kukata miti. Manispaa ilikuwa na mpango wa kupanua mji upande wa mashariki, nyumba kama 14,000, baraza la mawaziri la Israel likaukubali 2016, walowezi wakapiga kelele, 2017 ukasimamishwa. Kwahiyo kila nyumba mpya inakula bustani ya mapera, na bustani zilizobaki katikati ya nyumba unazikuta zina visima vya miaka ya 50 bado vinavuta maji ya mgao wa zamani. Mkulima wa pale leo anashindana na mwanawe mwenyewe kwa kipande kimoja cha ardhi, mmoja anataka kupanda mwingine anataka kujenga, na wote wawili wana haki.

Kuhusu aina za mapera yao na namna wanavyopogoa nitaandika kwenye uzi mwingine jukwaa la kilimo, Muheza Machungwani na Mama Twaha nitawatag.